La

"Kandamiza hapa, juu ya tairi la nyuma," akasema Gethin, "uachie."
Gari likashuka, likapanda, likashuka tena,
likapanda, likawa bado linafikiria.
"Hiyo ni kwaya isiyomwona mwalimu wake, Bi Eluned."

Mtaka cha mvunguni huinama. Nikainama,
miaka hamsini na tisa, magoti kwenye saruji yenye maji,
nikaona mafuta yametiririka shokamzoba ya kushoto,
vumbi limeyanywa, pamekuwa peusi, pananata.

Mazda ya viti viwili, ya mwaka tisini na nne,
wekundu wake umechoka ukaelekea chungwa.
Si gari la Jumapili. Ni la Jumatatu, ni la mvua,
la kwenda Tywyn, Bala, Dinas Mawddwy,
kwenye makanisa na sebule na shule za msingi
ambako piano hunisubiri, nyuzi zimelegea.
Kiti cha abiria ni cha mkoba wangu:
ufunguo, kabari za mpira, vipande vya sufi,
na uma wa sauti ndani ya soksi ya marehemu mume wangu.
Soksi tu. Hakuacha ushauri wowote kuhusu magari.

Wiki tatu nikichagua.
Mchagua jembe si mkulima, najua,
lakini mkulima halali na jembe kwenye kona ya ziwa
saa moja usiku, mkia wa gari ukirukaruka.

Za kiwandani: laini, zenye adabu,
wiki saba kutoka Japani, kwa bei
ambayo Gethin hakuitamka. Aliiandika kwa kidole
kwenye vumbi la kioo, kisha akaifuta.
Zisizo na jina, zenye stika ya moto:
"Zitakufikisha Krismasi. Kurudi, sijui."
Na za manjano, za gesi, za watu wa mashindano.
Mpwa wake Ifor anazo.

Nikapanda na Ifor. Gari limechuchumaa;
likikanyaga sarafu, mgongo unajua
kama ina kichwa cha mfalme au cha malkia.
Kona ya ziwa tuliikata kama mkate. Nilicheka, nakiri.
Ila mapajani, ndani ya soksi, uma ulikuwa unaimba
noti pekee unayoijua.
Kila ufa: la.
Kila kiraka: la.
Kwenye daraja: la, la, la.

Usiku nilifungua kifuniko cha piano yangu.
Juu ya nyuzi hukaa vipande vya sufi, mstari mrefu.
Havizuii sauti isianze. Kidole kikiondoka,
vinashuka, sauti inaambiwa basi.
Sufi ikiwa ngumu, inagonga, inaacha kelele yake.
Ikiliwa na nondo, noti inazurura chumbani
kama mgeni aliyesahau kuaga.

"Nataka zenye kitufe cha kuzungusha," nikampigia.
"Zipo za buluu. Watu huzikaza hadi mwisho, halafu hulalamika."
"Mimi nakaza kwa sikio."
Nusu nililipa taslimu. Nusu, piano ya mama yake,
ambayo re ya katikati imekwama tangu mazishi.

Boliti ya chini ilikatika. Gethin alitukana kwa Kiwelisi,
polepole, kwa ufasaha. Vile vipira vya kuzuia kugonga
vilitoka vikiwa makombo; akanunua vipya bila kuniuliza,
akaniongezea kwenye bili, pia bila kuniuliza.

Nikapanda mlimani, mvua ya ubavuni.
Mbele, milio saba: uma ukalalamika.
Nikasimama, nikashuka, nikarudisha mitano.
Nyuma, mitatu. Nywele zimelowa, kondoo wananitazama
kama watu waliolipa kiingilio.

Ufa: kimya. Kiraka: kimya.
Kona ya ziwa, mkia ulitulia, ukafuata.
Ni kwenye vyuma vya kuzuia mifugo tu, karibu na nyumbani,
uma uliposema la, mara moja, kwa kunong'ona,
kama mtu anayekataa chai
na kikombe ameshakishika.